Koleji au yunivasiti? Miaka yangu mitatu Tambaram

Kwetu Tanga mtoto huanza chuo kabla ya shule. Chuo kwa maana ya kwa ustadhi: mkeka, juzuu ya amma na bakora ukutani. Kwa hiyo mwaka 2016 nilipomwambia bibi kwamba nimepata chuo India, alifurahi, akanikalisha chini na kuniuliza nitahifadhi juzuu ngapi huko. Nilicheka hadi machozi. Baadaye nikaja kuona kwamba bibi alinizidi kukosea kidogo tu. Mimi niliyemaliza kidato cha sita, mwenye barua ya udahili mkononi, nami sikujua ni chuo cha namna gani ninachokwenda.

Tuanze na ajenti. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simu, Dar es Salaam, ukutani picha kubwa ya Taj Mahal. (Taj Mahal iko Agra. Kutoka Chennai, mji wa kusini ambao zamani uliitwa Madras na ndiko nilikokuwa naenda, ni safari ya treni ya usiku na mchana. Picha hiyo peke yake ingetosha kunishtua.) Alichukua dola 600 kwa kile alichokiita kushughulikia nafasi, akasema maneno mawili ambayo baba aliyashika na kuyatangaza mtaani: yunivasiti, na hosteli ipo. Barua ilipokuja ikasema Madras Christian College, chini yake kwa herufi ndogo ikataja kwamba koleji hiyo inafungamana na University of Madras. Baba akakwama kwenye Christian. "Ni misheni hiyo?" Ajenti akasema dini zote zinasoma pale, na hapo kwa mara moja alisema kweli. Mimi nilikwama kwenye College. Rafiki zangu wanakwenda Mlimani, mimi naenda koleji, kama ile ya ualimu pale karibu na nyumbani? Sikuuliza. Kiwanja cha Pongwe kilikuwa kimeshauzwa.

Sasa nieleze jambo ambalo lingeniokoa dola zile 600. India chuo kikuu cha zamani ni kama mti na matawi. University of Madras ilianzishwa 1857, na vyuo vingi viko chini yake: kila kimoja na eneo lake, walimu wake, udahili wake. Koleji ndiyo inayokufundisha. Chuo kikuu ndicho kinachotoa shahada. Kuna koleji za uhandisi, za tiba, za sheria, na kuna hizi zinazoitwa za fani na sayansi, ambako mtu wa historia anakaa bweni moja na mtu wa fizikia. Nyingine zimepewa mamlaka ya kujitungia mitaala na mitihani yake. Ya kwetu ilipata mamlaka hayo mwaka 1978. Lakini hata hivyo cheti cha mwisho kinatoka chuo kikuu. Kwa hiyo koleji siyo ndogo ya yunivasiti. Na fomu ya maombi mtu anaijaza mwenyewe kwenye tovuti ya koleji, kwa ada ambayo haifiki bei ya kuku mzima.

Kuna la pili ambalo ajenti hakulisema, nadhani hakulijua. Ndani ya koleji moja kuna milango miwili: upande unaopata ruzuku ya serikali na upande wa kujilipia. Kozi inaweza kuwa na jina lilelile na geti lilelile, ada zikawa mbali kabisa. Mgeni ana ada yake tena. Uliza uko upande upi kabla hujatoa hata senti, na uombe jibu kwa maandishi kutoka koleji yenyewe.

Muhula wao huanza Juni. Viza yangu ilichelewa kwa sababu nilipeleka nakala za vyeti zisizothibitishwa, nikarudishwa. Nikaondoka Julai, kupitia Muscat. Pale uwanjani, nikiwa nimekaa na begi mapajani kama mtoto aliyepotea, mama mmoja mtu mzima wa Kiomani akanisemesha Kiswahili cha Unguja kisicho na doa, akanipa tende na kuniambia, "Mwanangu, India usinywe maji ya bomba." Ndiyo nasaha pekee niliyopata kabla ya kufika, na ilikuwa bora kuliko zote za ajenti.

Chennai ilinipokea na joto la Tanga lililoondolewa upepo. Kutoka uwanja wa ndege hadi Tambaram, kitongoji cha Chennai ilipo koleji yetu, hakuna haja ya teksi: unavuka barabara, kuna stesheni ya Tirusulam, na treni ya mjini inakufikisha kwa nauli isiyozidi rupia 10. Mimi nililipa teksi rupia 1,200. Wakati huo rupia moja ilikuwa kama shilingi 32 hivi, hesabu mwenyewe.

Koleji wakanipokea vizuri, lakini hosteli? Nafasi za mabweni huombwa kivyake, kuna usaili, na nilikuwa nimechelewa. Msimamizi aliniambia kwa upole nijaribu tena baada ya miezi michache. Nikaanza kutafuta chumba Tambaram Mashariki, na hapo nikajifunza neno "advance". Chennai mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mingi mbele kama amana, hata miezi 10. Nilizungushwa nyumba saba. Mbili walifunga mlango waliponiona. Moja walisema chumba kimechukuliwa, na kesho yake tangazo likawa bado limening'inia. Mwishowe mzee mmoja akakubali kwa amana ya miezi mitano, rupia 25,000. Masharti yake nilielezwa kwa Kiingereza cha kutikisa kichwa: hakuna wageni wa kike, hakuna muziki baada ya saa nne, na kitu kingine alichokisema haraka ambacho nilikiitikia tu.

Kitu hicho kingine kilikuwa nyama na samaki. Ile familia hawali chochote chenye damu. Nami mama alikuwa amenifungia ng'onda kilo mbili, wamefungwa kwenye magazeti, kisha mfuko, kisha mfuko mwingine. Jumapili ya pili, hamu ya nyumbani ikanishika. Nikawasha jiko la umeme, nikakaanga vitunguu, nikawatia. Ng'onda, kama unavyowajua, hawaombi ruhusa. Kabla nazi haijachemka nikasikia mlango wa chini unafunguka, kisha wa jirani, kisha sauti ya mama mwenye nyumba, siyo ya ugomvi, ya msiba. Akapanda ngazi na kitambaa puani, nyuma yake mzee, nyuma ya mzee mjukuu ambaye kwa kweli alionekana kufurahia. Sufuria ilitolewa nje na kuwekwa barabarani, na paka wa Tambaram hawajawahi kula vile.

Nilihama baada ya mwezi mmoja na nusu. Katika 25,000 nilirudishiwa 9,000. Nyingine zilikatwa kwa rangi ya ukuta, kwa siku ambazo sikukaa na kwa "usafi". Sikuwa na mkataba. Hilo ndilo kosa lenyewe, ng'onda ni kichekesho tu. Kukosa mkataba kulinivuta kwenye shimo jingine, kwa sababu mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 anatakiwa kujiandikisha FRRO, ofisi ya wageni, ndani ya siku 14 tangu afike, na kati ya karatasi wanazotaka ni uthibitisho wa mahali unapoishi. Mimi sikuwa nao. Wala sikujua habari ya siku 14. Nilidhani viza imemaliza kila kitu. Nilikwenda siku ya 40.

Ofisi iko Nungambakkam, ambayo kwa bahati iko kwenye njia ileile ya treni. Asubuhi ile, kwa haraka, nikarukia behewa lisilo na msongamano. Nikashukuru Mungu. Stesheni kadhaa baadaye nikagundua kwamba niko kati ya wanawake watupu, na wote wananitazama. Yalikuwa mabehewa ya wanawake. Nilishuka St Thomas Mount bila kuangalia nyuma. Tazama maandishi ubavuni mwa behewa, ndugu yangu.

FRRO nilitozwa faini, nikaambiwa nirudi na barua ya bonafide kutoka koleji na uthibitisho wa makazi. Bonafide ni barua inayosema wewe ni mwanafunzi halali. Utaihitaji kwa kila kitu, kuanzia laini ya simu hadi benki, basi omba nakala tatu kwa mpigo. Nilirudi mara nne. Kila mara ilikuwa siku nzima ya vipindi imekwenda, na hilo nalo lilikuwa na bei yake. (Tangu 2018 kazi hiyo hufanyika mtandaoni. Wanaokwenda sasa hawatajua joto ya jiwe.)

Oktoba nikapata bweni: Selaiyur Hall. Hapa nipunguze kulalamika, maana ndipo maisha yalipoanza.

Eneo la koleji ni ekari 365. Wenyeji hupenda kusema, ekari moja kwa kila siku ya mwaka. Ukitoka kwenye kelele za stesheni, pikipiki, mabasi na wauza maua, unapita geti na ghafla unasikia ndege. Ni msitu kweli, wa miti mifupi ya nchi kavu, na swala wa madoadoa wanatembea humo. Nilikutana nao siku ya kwanza nikiwa na ndoo kichwani. Nilisimama, nao wakasimama, kila mmoja akimshangaa mwenziwe. Lakini msitu ule haukuwa hivyo siku zote. Koleji ilipohamia hapo mwaka 1937 sehemu kubwa ilikuwa wazi, na mwalimu wa kemia, Edward Barnes, mtu aliyependa mimea kuliko chupa zake za maabara, ndiye anayetajwa sana kwa kuipanda na kuilea miti. Mimi nilikuwa nasoma botania. Nusu ya vipindi vya vitendo tulikuwa tunatembea tu ndani ya kazi ya mikono ya yule mzee.

Kabla ya hapo koleji ilikuwa mjini Madras penyewe, mkabala na mahakama kuu. Chanzo chake ni shule aliyoianzisha mmisionari Mskoti John Anderson mwaka 1837. Kisha akaja Mskoti mwingine, William Miller, ndiye aliyeikuza ikawa koleji kubwa. Baadaye pakawa padogo, wakahamia nje ya mji, mahali ambapo watu waliona ni porini. Leo mji umelizunguka pori. Desemba 1938, mwaka mmoja na kitu baada ya kuhamia, mkutano wa dunia wa wamisionari ulifanyika hapo hapo, wajumbe wakalala kwenye mabweni yetu. Mimi Muislamu wa Tanga nilikuwa nalala kwenye vyumba walivyolala maaskofu. Nilimwandikia baba hivyo. Hakujibu wiki mbili, kisha akauliza kama kuna msikiti karibu. Upo, Tambaram, na Ijumaa nilikuwa nasali safu moja na wauza biriani.

Aliyesoma pale anayetajwa kuliko wote ni Sarvepalli Radhakrishnan, mwanafalsafa aliyekuwa rais wa India kuanzia 1962 hadi 1967. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 5 Septemba, ndiyo Siku ya Walimu nchini kote. Siku hiyo wanafunzi huwapa walimu maua na kuwaimbia, na mhadhiri wetu mkali wa fiziolojia ya mimea, ambaye sikuwahi kuona meno yake, alifuta macho kwa ncha ya sari.

Mabweni ya zamani ni matatu: Selaiyur, St Thomas's na Bishop Heber. Ushindani wake ni Simba na Yanga. Kabla hujaingia unatia sahihi kiapo cha kutonyanyasa wenzako, na mzazi naye anatia chake. Ni amri ya nchi nzima tangu 2009. Baba alikitia sahihi mbele ya wakili Tanga, akanipigia simu kuuliza nimefanya nini. Wakubwa zetu bwenini walinitaka wimbo tu. Niliimba taarabu, na kwa miaka mitatu jina langu likawa la wimbo ule.

Sasa fuatilia mnyororo. Sikujiandikisha mapema, kwa hiyo sikuwa na kibali cha ukaazi. Bila kibali sikuweza kufungua akaunti ya benki. Bila akaunti, fedha za baba nilizipokea taslimu na kuziweka kwenye soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kitanda. Rupia 31,000, noti za 500 na 1,000. Tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili usiku, tuko bwaloni tunakula, televisheni ikawashwa sauti. Waziri Mkuu Modi anahutubia. Mimi Kihindi sijui, na wenzangu wengi Watamili, wenyeji wa jimbo lile, nao hawakitaki. Ila nikaona mikono inaacha wali. Machan, yaani mshikaji, akaniambia jirani yangu, kuanzia saa sita usiku noti za 500 na 1,000 siyo fedha tena.

Nilikwenda chumbani nikaitazama soksi.

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa foleni. Nilibadilishiwa 4,000 kwa pasipoti baada ya saa tano juani, na siku hizo wakaanza kupaka wino kidoleni ili mtu asirudi mara ya pili, kama tumepiga kura. Zilizobaki hazina njia ila kuwekwa benki, na mwisho ni tarehe 30 Desemba. Chakula nilikula kwa deni. Yule mzee wa kibanda cha chai nje ya geti alikuwa na daftari. Mstari wangu aliuandika "Africa". Sikukasirika. Alinikopesha chai na vadai, bajia za kwao, kwa siku 19 bila kuniuliza nitalipa lini.

Kibali cha ukaazi kilitoka mwishoni mwa Novemba. Akaunti ikafunguliwa Desemba. Katikati ya hapo, usiku wa tarehe 5, akafariki Jayalalithaa, waziri mkuu wa jimbo, yule wanayemwita Amma, mama. Maduka yalifungwa kimya kimya, barabara zikawa tupu, watu wazima wanalia kama watoto. Tuliambiwa tusitoke. Wiki moja baadaye, tarehe 12, kikaja kimbunga Vardah.

Vuli yao inakuja Oktoba hadi Desemba, na vimbunga nayo. Asubuhi ilikuwa mvua ya kawaida. Adhuhuri upepo ukaanza kulia kwenye madirisha. Kisha nikasikia sauti ambayo sijaisikia tena: miti mikubwa inang'oka mmoja baada ya mwingine, siyo kukatika, kung'oka, na mizizi inararua udongo kama nguo. Ilipotulia jioni tukatoka. Njia ya kutoka bwenini haikuwapo. Pale tulipokuwa tunachora majani ya mtihani palikuwa na mbingu. Mhadhiri wangu alisimama na mwavuli uliogeuka ndani nje, anaitaja miti iliyolala kwa majina ya Kilatini, mmoja mmoja, polepole, kama anayesoma majina ya marehemu.

Umeme ulikosekana siku kadhaa. Bila umeme pampu hazifanyi kazi, na bila pampu hakuna maji. Tulifyeka njia kwa mapanga, na hapo ndipo mimi, kijana wa shamba la minazi, nilipopata heshima. Noti zangu niliziweka benki tarehe 23. Kama unakwenda nchi ya watu, usikae na fedha taslimu zaidi ya matumizi ya wiki mbili.

Masomo sasa, kwa kifupi. Kozi ina lugha ndani yake hata kama unasoma sayansi. Kitamili nisingekiweza kwenye mtihani, nikachagua Kifaransa. Nikawa Mtanzania anayejifunza Kifaransa kutoka kwa Mtamili. Maabara ina daftari la rekodi ambalo kila mchoro lazima uwe wa penseli na usainiwe. Mimi nilichora kwa kalamu ya wino muhula mzima, kwa sababu siku walipoelekeza nilikuwa Nungambakkam kwenye foleni. Nilichora upya michoro 26 kwa usiku mbili. Na mahudhurio: asilimia 75, la sivyo mtihani hukai. Nilikuwa na 71. Nililipa ada ya kusamehewa, nikaandika barua ya kuomba radhi. Somo moja nikalishindwa. Sapu wao wanaiita arrear, kama deni la kodi, na kweli inakufuata hivyo, muhula hadi muhula, hadi uilipe. Nyumbani sikusema. Niliandika nimefaulu. Baba alitangaza msikitini. Uongo ule ulinikaa kooni kuliko mtihani wenyewe, na nilipolirudia somo lile na kulipita, sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mama alikuwa na hofu yake. Mwezi Januari wa mwaka ule ule niliosafiri, mwanafunzi wa kike wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bangalore, habari ikajaa kote. Nisiseme hofu ile haikuwa na msingi. Nimeitwa majina njiani. Nimepigwa picha na watu wasioomba. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha mwisho kujaa. Lililonisaidia ni lugha, hata maneno 30 tu. Ukimwita dereva wa bajaji "anna", kaka, na mama muuza mboga "akka", dada, uso unabadilika. "Seri" ni sawa, unaitamka karibu na heri yetu. Kutikisa kichwa kulia na kushoto si kukataa, ni ndiyo, au nimekusikia, au tutaona. Na "saptiya?" ni umekula? Mwezi wa kwanza kila aliyeniuliza nilijibu bado, nikasubiri kukaribishwa. Ilikuwa salamu tu, kama hujambo. Ila siku za kimbunga, yule mzee wa chai aliniuliza saptiya, nikajibu ndiyo, akanitazama, akasema hapana hujala, akanipa.

Wali na mtindi niliuchukia mwaka wa kwanza, nikauvumilia wa pili, na wa tatu nikawa nagombea ukoko wake. Rasamu, mchuzi ule mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, nakunywa hadi leo nikiwa na mafua. Na wale wenzangu, waliposikia kisa cha ng'onda, walinipeleka kwa mama mmoja nyuma ya soko la Tambaram anayepika karuvadu. Ni ng'onda hasa! Kumbe nilikuwa nimekosea nyumba, sikukosea nchi.

Nilimaliza 2019. Sehemu hii isome mara mbili. Usiondoke na shangwe. Kuna karatasi ya matokeo ya kila muhula, kuna ile inayojumlisha yote, kuna cheti cha muda, kuna cheti cha kuhama ambacho hutolewa ukisharudisha kila kitabu cha maktaba, na kuna shahada yenyewe, ambayo hutoka baadaye kabisa kutoka University of Madras. Mimi nilirudi bila hiyo ya mwisho nikidhani itatumwa. Ilinichukua miezi 11, barua ya idhini kwa rafiki, na ada za kusafirisha ambazo zingenilisha mwezi. Na kabla ya kuondoka Tanzania nilipaswa kupata kwa TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, barua ya kutokuwa na pingamizi. Ajenti hakuitaja, nami sikuuliza. Nilianza kueleza baada ya kurudi mambo ambayo wenzangu walieleza kabla ya kwenda.

Kazi ya kwanza niliyoitwa usaili, ofisi moja Dar, afisa aliweka wasifu wangu upande huu na cheti upande huu. "Hapa umeandika Madras Christian College. Hapa pameandikwa University of Madras. Kipi cha kweli?" Nikaanza kueleza mti na matawi. Akanisikiliza kwa adabu ya mtu aliyekwisha kuamua. Kazi nilikosa. TCU waliitambua shahada baada ya kuwapelekea karatasi zote, na kwa usaili wa pili nilikwenda na barua yao juu ya faili. Hakuuliza mtu. Siku hizi kwenye wasifu naandika yote mawili kwenye mstari mmoja, koleji kisha koma kisha chuo kikuu. Koma ile nimeilipia.

Majuzi mtoto wa dada yangu, amemaliza kidato cha sita, kanitumia picha ya barua ya udahili. Kuna ajenti, kuna Taj Mahal kwenye kona ya karatasi. Nikamrekodia sauti ya dakika tisa, nikaanza na swali moja: hiki chuo kiko chini ya chuo kikuu gani? Tiki mbili zikawa za bluu. Akakaa kidogo, kisha akaandika:

"Anko, kwani kuna tofauti?"